Salamu Nzito za Bonane

Mabanga, Goma, mwisho wa Januari

Kwako dada yangu mukubwa Mukakalisa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa nyumba hii. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko Bunagana? Wajukuu hawajambo? Sisi huku tuko vizuri, na tumbo langu linaendelea vizuri kutupita wote. Mke wangu anasema likizidi kidogo litahitaji kiti chake kanisani.

Ulinitumia neno kupitia shofere kwamba safari hii niandike kwa kalamu, kwa sababu kwenye simu ninakata maneno kama mutu anayefukuzwa. Haya, keti, nikueleze kwa nini ukurasa wetu ulikukatalia mwezi huu, hata nyanya zako zikalala kando ya barabara.

Unajua kazi yangu. Zamani nilipima magunia kwenye depo ya Papa Barthélemy, patron wangu mwenye kamyo za mizigo. Siku hizi ninapima ukurasa wake wa mutandao, ule unaowaonyesha akina mama wauza nyanya kamyo gani imetoka Goma kuzichukua na itapita kwenu saa ngapi. Kila asubuhi ninaangalia uzito wake, maana kila picha inayowekwa pale ni muzigo ambao simu ya mutu inapaswa kuubeba, na mutandao wa huko kwenu hauna mabega mapana. Majirani wananicheka. Wanasema Nsanzimana analipwa kupima kitu ambacho hakiwezi kumwangukia mutu mguuni. Ninawajibu kwamba ndiyo sababu nilikichagua.

Basi bonane ikafika, mwaka mupya. Papa Barthélemy akaita mupiga picha, familia nzima ikashona kitenge cha aina moja, wakapangwa kwenye ngazi za nyumba kuanzia babu mpaka kitoto kinacholia. Picha ikawekwa juu kabisa ya ukurasa, kubwa kama mulango, na chini yake video ya kwaya inayoanza kuimba yenyewe hata kama hukuiomba. Nilipopima asubuhi yake, ukurasa ulikuwa umenenepa kunishinda mimi. Saa za kamyo zilikuwa chini huko, nyuma ya waimbaji.

Sasa nenda umwambie mutu mukubwa kwamba salamu zake zinalemea watu! Unajua desturi yetu: Januari yote ni ya kutakiana heri, na kuondoa salamu za mutu kabla mwezi haujaisha ni kumufungia mulango usoni. Nilijaribu kwa upole. Nilimwambia picha ni nzuri sana, ila labda ingepunguzwa kidogo. Akaniuliza apunguzwe nani, babu au mutoto? Siku nyingine nikamweleza kwamba picha hiyo inakula mega za watu, zile wanazolipia ili simu ifungue mutandao. Akacheka sana, akasema kama ni habari ya kula, Nsanzimana, wewe ndiye utufundishe.

Wakati huo wewe ulikuwa unatazama kaduara kanavyozunguka kwenye simu, kamyo inapita, nyanya zinalainika. Hilo liliniuma kweli, maana najua nyumba yako inakula kwa nyanya hizo. Shofere aliniambia akina mama wenzako walikuwa wanasema basi, Goma watuachie, tutauza hapo ng'ambo ya mpaka, Uganda, kwa bei yoyote.

Halafu asubuhi moja patron akaingia ofisini bila hata kusalimia, jasho linamutoka. Mama mukwe wake, muzee Émérance jirani yako, alikuwa amemupigia binti yake simu akilia kwamba mukwe amemutupa, mwaka unaanza bila neno. Patron aliapa kwamba salamu ziko kwenye ukurasa, dunia nzima inaziona. Muzee akajibu kwamba dunia nzima labda ndiyo, lakini yeye yuko Bunagana.

Kwetu, kumukosea mama mukwe si jambo la kucheka. Patron akaniuliza tufanyeje salamu zifike. Sikungoja aniulize tena. Nilipunguza uzito wa picha bila kumukata hata mutu mumoja, kwaya nikaifunga isubiri mutu aibonyeze mwenyewe, saa za kamyo zikapanda juu. Tukakubaliana na kipimo pia: ukurasa ukikipita, kitu kipya kinangoja nje, hata kama ni uso wa patron. Kabla ya muchana muzee akapiga simu mwenyewe, anauliza kwa nini mukwe wake amekonda.

Katika furaha yake akatuambia na jambo lingine. Kumbe asingejua kwamba amesahauliwa. Ni mwanamke mumoja muuza nyanya aliyepita kwake akamuuliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama mukwe wa Goma amemutakia heri mwaka huu. Dada, nilikutambua mara moja. Niliinama kwenye kompyuta nikakohoa mpaka machozi yakanitoka.

Patron hakushuku. Alisema tu kwamba Bunagana kunahitajika mutu wa kufungua ukurasa kila asubuhi kwa simu ya kawaida, atuambie kama unachelewa. Nikataja jina lako kabla hajamaliza. Amekubali, na mega utapewa.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye neno gumu. Binti yako Umutesi amekununulia simu mupya, kubwa, inang'aa, akanipa niipakie kwenye kamyo. Anafikiri ulishaipokea, naye anashangaa kwa nini humushukuru. Dada, iko juu ya kabati langu. Kamyo zimepita na mimi nikaitazama tu. Simu hiyo ingefungua kwaya, babu na ngazi zote bila hata kupumua. Ungeniambia kila siku mambo ni mazuri, na wenzako kando ya barabara wanatazama kaduara.

Usinikasirikie sana. Itakufikia pamoja na barua hii. Ichukue, piga picha za wajukuu, waringie majirani, na mupigie Umutesi leo leo. Lakini asubuhi, kabla hujachuma hata nyanya moja, nakuomba ufungue ukurasa kwa ile yako ya zamani, yenye kioo kilichopasuka. Ukurasa ukichelewa, nipigie, hata kama ni kunitukana.

Musalimie shemeji na wote wanaouliza habari zangu. Muzee Émérance mwambie mukwe wake hajakonda, ni mimi nilimupunguza.

Ni mimi mudogo wako anayekupenda,

Nsanzimana Donat