Serikali ya Munene

Lorraine, weka hiyo chai chini. Ndinda wetu ndiyo ameingia kwangu saa hii, anacheka.

Unamkumbuka bosi wake wa hoteli ya nyama choma pale Kiamaiko, Munene? Yule wa kikopo cha kufuli? Kila tipu mteja akiacha lazima iingie humo, halafu yeye anakata theluthi. Ati ushuru wa serikali!! Ndinda alipoomba risiti akaambiwa, "Serikali haina muda wa kukuandikia wewe."

Serikali gani? Ile inalala mfukoni mwake?

Na vile nauli imepanda, msichana wa watu anatembea kwa miguu hadi kwao Umoja kila jioni.

Sasa leo jioni, zamu ya Ndinda ikiisha, mama mmoja amekula akashiba, akatoa noti ampe. Ndinda akamnong'oneza, "Mama, usinipe, itakatwa." Mama akauliza itakatwa na nani. Akaambiwa. Akarudisha noti kwa mkoba, akatoka nje, akaita mtu wa bodaboda, akamlipa. "Mpeleke huyu hadi mlangoni kwao."

Munene mbio hadi nje, mkono umenyooshwa. MKONO UMENYOOSHWA, Lorraine! "Na ushuru?"

Ndinda tayari amekalia pikipiki. Akamwambia, "Chukua gurudumu la nyuma."

Aki tumecheka hadi machozi. Halafu simu ya Ndinda ikalia, meseji ya Munene. Tukajua amefutwa kazi.

Haki ya Mungu, ameandika hivi: "Hiyo pikipiki ililipwa pesa ngapi?"