Zimwi la Kaka

Mwenzangu, uko hewani? Nimeharibu.

Unalikumbuka lile gemu la zimwi tulilokuwa tunacheza kwa zamu sebuleni kwetu? Hatukuwa na kadi ya kuhifadhi tulipofikia, tukawa tunazima tivii na kuiacha mashine ya gemu ikiwaka chini ya taulo, mama asione taa.

Leo nimekuja kumwona baba. Nimeinua taulo, mashine bado inawaka, ina joto! Kaka aliliacha gemu pale pale kwa zimwi la mwisho, siku anaondoka kwenda mgodini.

Nikasema ngoja nimsaidie. Nikalipiga, nikalipiga, likaanguka! Utoto wote ule hatukuwahi kuliona likianguka. Nikapiga kelele kama mwehu.

Baba akatoka chumbani. "Umemaliza?"

Nikacheka, nikasema ndiyo. Yeye hakucheka. "Umemaliza?"

Ndipo nikaona ameichomeka mashine kwenye betri, umeme ukikatika isizime. Miezi yote hii, jamani!

Akaniambia, "Ndugu yako alisimama hapo mlangoni akasema, baba usiizime, siwezi kufa kabla sijaliua lile zimwi."

Nikamwambia ule ulikuwa utani tu, kaka si unamjua. Anaitazama tivii.

Sasa hivi simu ya baba inaita mezani. Ni namba ya ofisi ya mgodi. Kaka huwa anapiga kwa namba yake mwenyewe.

Imekatika. Inaita tena.

Baba anasema nipokee mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemaliza.