Mama Chini ya Dirisha

Jumanne, 26/11/1996

Mama ameanguka mbele ya duka la Felisita. Mchana kweupe! Ndoo ya maji ikamwagika yote. Felisita akasema wamnunulie bia ya chupa, siku hizi zimejaa, aache za kienyeji, naye alewe kisasa. Watu wakacheka. Nilimnyanyua peke yangu. Hakuna aliyenyoosha hata mkono.

Baba yuko Mwandoya, anazunguka na mitumba yake minadani. Akirudi atasema mimi ndiye sikumwangalia Mama. Mimi! Nimemaliza kidato cha nne mwezi huu huu.

Jumatano, 27/11/1996

Asubuhi Mama alisema, bila kuniangalia: Nyanjige, nimechoka. Basi.

Nikakumbuka tangazo la kanisani — kikundi cha wanaoacha pombe, Jumamosi, chumba cha nyuma. Nikaenda kwa katekista Fabian. Nilisimama mlangoni mpaka mkewe akauliza kama nauza kitu. Fabian akasema aje tu, mlango uko wazi kwa kila mtu.

Kila mtu. Alisema hivyo kwa kinywa chake.

Jumamosi, 30/11/1996

Sijui nianzie wapi.

Tulifika. Viatu vimepangwa nje. Mama akaona katambuga moja iliyofungwa kwa kamba nyekundu, akasimama. "Turudi." Nikadhani ni woga. Nikamvuta — mimi mjinga! — mpaka ndani.

Babu Mhoja. Baba yake Baba. Ameketi kwenye kiti cha mbele. Kumbe aliacha pombe tangu Pasaka, na hakuna aliyetuambia! Akageuza uso ukutani. Mama akajifunika khanga usoni, akatoka mbio kama mwizi.

Najua. Kwetu mkwe na mkamwana wake hawakai chumba kimoja, sembuse kuambiana aibu zao. Lakini kwa nini atoke yeye? Kila mtu alijua atatoka yeye. Hata mimi.

Fabian akasema mzee hawezi kuinuliwa. Mama akae nje, chini ya dirisha, atasikia vizuri tu. Na kwa kuwa yuko nje — aangalie na chai!

Chai! Mama yangu alikuja kutafuta uzima, akapewa kuni. Wanaume ndani wanasimulia, wanapeana pole, wanasema hapa sote ni sawa. Moshi wa Mama unawaingilia dirishani, wanaomba lifungwe!

Niliogopa sana, lakini nikauliza: naye atasema lini? Sauti yenyewe haikutoka vizuri. Fabian akafikiri, akasema Jumamosi ijayo utayabeba maneno yake wewe.

Mimi! Ambaye darasani nilijua jibu na nikainama.

Ijumaa, 6/12/1996

Mama hajanywa. Mikono inamtetemeka, mboga inamwagika. Leo, tukichambua choroko, alinipa maneno yake.

Alipoolewa, Babu alikuwa akiita watu kumpalilia pamba, na mkamwana ndiye mpika pombe. Wazee hawanywi chungu ambacho mpishi hajakionja mbele yao. Kila chungu. Msimu baada ya msimu. Babu akisema kwa mbali, akiangalia pembeni: huyu mkamwana ana ulimi. Mama alifurahi. Hilo ndilo pekee alilowahi kusifiwa.

Kisha akasema: na siku ya kumzika Shija, kaka yako, Babu aliagiza vyungu viletwe nivionje, waombolezaji wana kiu. Nilionja vyote. Sikuweza hata kumlilia mwanangu.

Hili sikulijua. Na mzee huyo ndiye ana kiti!

Jumamosi, 7/12/1996

Nilisimama. Nikauangalia ukuta, nikasema. Pamba, vyungu, kuonja. Bwana mmoja akacheka: "Basi wake zetu wote ni walevi!" Fabian akamnyamazisha. Babu anaangalia fimbo yake.

Nikafika kwa Shija. Nikasema, ni hayo tu.

Nje mfuniko wa birika ukaanguka.

Njiani Mama alitembea mbele, mbali nami. Afadhali angenitukana. Wiki nzima nawachukia wanaomnyamazisha, na mimi nikamnyamazisha kuliko wote.

Jumapili, 8/12/1996

Babu yuko hapa! Tumetoka kanisani, tukamwona anakuja na kigoda chake mwenyewe. Mama akakimbilia jikoni. Babu akaweka kigoda karibu kabisa na ukuta wa jikoni, akaupa mgongo, akaketi.

Nikapiga goti. Mwangaluka, Babu. Akaitikia. Ndani nasikia Mama anachekecha unga.

Kisha:

"Jana uliyasema yote, au ulibakiza?"

"Nilibakiza, Babu."

"La nani?"

"La Shija."

Fimbo yake ikachora chora mchangani. Nikajua sasa ataondoka. Nilikuwa tayari — nilikuwa na maneno makali, nimeyapanga tangu ile chai.

Akasema: "Niletee maji. Halafu uje uliseme hapa. Kwa sauti. Mama yako asikie kama umelisema sawasawa."

Nimeingia kuchota. Naandika nimesimama, kikombe kimejaa. Maneno yangu makali yote yalikuwa ya mtu atakayekataa kusikia. Huyu ameketi.

Chekeche imenyamaza jikoni.

Babu anakohoa. Ananiita —