Mahali pa Kutazamana

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa dada Anyesi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe, shemeji Abeli na watoto. Mgongo wa mama unaendeleaje tangu mlipomaliza kuvuna uwele? Mimi ni mzima wa kutembea na kufanya kazi, ila nimechoka, na uchovu wenyewe si ule wa kulala ukaisha. Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu, siku hizi ambapo hata mama ana simu. Nimempa jirani yangu Paulina, anakuja Mvumi kuwaona kwao. Bahasha nimeibandika kwa gundi, maana Paulina unamjua.

Najua pia mnanilalamikia. Shemeji aliniandikia akiuliza kama huku mjini tumeanza kutoza kiingilio kwa kupokea simu. Nilicheka peke yangu, sikumjibu. Jibu liko humu, nivumilie.

Nilikusimulia wakati wa Krismasi habari za rafiki zangu wa mtandaoni, wale tunaosoma vitabu pamoja kwenye kundi la WhatsApp. Tumebaki wanne: mimi, Shamimu wa Tanga, Gaudence wa Bukoba, na Halfani, Mrangi wa Kondoa anayefundisha Singida. Hatujawahi kuonana, lakini ukikutoa wewe hakuna anayenijua kama wao, na mwaka huu hata hilo la kukutoa wewe sina hakika nalo. Kundi lina sharti moja, nililoliweka mimi: hakuna kutumiana sauti, kila neno liandikwe. Wananiita Mwalimu wa Zamu. Wanadhani nakilinda Kiswahili.

Mwezi wa tano wakaamua tukutane. Mahali patulivu, siku chache, tule, tusome, tuzungumze mpaka tuchoke. Kwa kuwa Dodoma iko katikati ya wote na mimi ndiye mwenyeji, kutafuta mahali nikaachiwa mimi. Dada, kazi hii imenimaliza.

Nilianzia Bahi. Kuna nyumba ya wageni kando ya majaruba ya mpunga, nikaenda kwa bodaboda. Mwenyewe, mzee Batholomeo, alinitembeza akiwa ametangulia, anaongea bila kugeuka, nami nyuma yake naitikia tu kwa adabu, ndiyo mzee, sawa mzee. Tulipofika uani akanionyesha beberu na kunipa mkono wa pongezi. Kumbe nilikuwa nimekubali achinjwe kwa ajili ya wageni wangu, na supu ya asubuhi juu yake. Picha ziliwafurahisha wote. Halfani akaandika kwamba beberu yule amefanana na mkuu wake wa shule, hivyo atamla bila huruma. Mimi nikasema Bahi haifai, kuna mbu.

Nikaenda kwenye hoteli moja hapa mjini, ukumbi wa vigae chini mpaka ukutani. Nikawaambia ina baa, hatutasoma. Nikaenda shamba la zabibu njia ya Hombolo, pana vibanda vya makuti visivyo na kuta, pazuri kweli, upepo unavuma tangu asubuhi. Nikawaambia ni mbali. Hapo Halfani akauliza kama natafuta ukumbi au mchumba, maana kila anayeletwa namkuta na kasoro. Gaudence akasema hata wachumba, kwa kasi ya kukataa hivi, wangekuwa wameshakwisha mkoa mzima.

Shamimu hakucheka. Alhamisi aliandika mbele ya wote kwamba kama sitaki waje, niseme. Wataumia lakini wataelewa, ila nisiwazungushe. Akasema ananipa wiki moja nijibu, na kwamba hataniuliza tena. Namjua kwa maandishi yake, hataniuliza kweli. Na akiondoka yeye, kundi limekwisha.

Dada, masikio yangu yanakufa. La kushoto lilikwisha mwaka jana. La kulia linalifuata taratibu. Daktari wa masikio amesema ni mshipa wa fahamu, hauna dawa ya kuurudisha. Kifaa cha kuvaa kitanisaidia kidogo, nikiwa chumba kimya na mtu mmoja mbele yangu. Ndiyo maana sipokei simu. Kwenye simu hakuna midomo ya kutazama.

Kila mahali nilipokwenda nilisimama katikati nikapiga makofi, kisha nikamwomba mwenyeji aniambie jambo lolote. Bahi kuna mashine ya kukoboa mpunga nyuma ya ukuta. Kwenye vigae sauti ilirudi kutoka pande zote kama ugomvi. Hombolo upepo uliyachukua maneno yote. Sikuwa nawakataa watu. Nilikuwa natafuta mahali nitakapowasikia.

Lakini hilo nalo si lote. Unamkumbuka babu Sila? Kwanza tulimpigia kelele ili asikie, kisha tukafupisha habari, kisha tukawa tunaongea juu ya kichwa chake. Akabaki kucheka wenzake wakicheka, akichelewa kidogo. Kazini mimi sasa nacheka nikichelewa kidogo. Kwenye kundi lile mimi ndiye mwepesi wa maneno kuliko wote. Nikiandika, Halfani mwenyewe anakaa chini. Sijui kama naweza kuwaangalia watu hao wakianza kunivumilia.

Nimewaza wiki nzima, na naona mahali pamoja tu panapofaa: sebule yako. Makochi yanatazamana, zulia limeenea chumba kizima, na yale mapazia mazito ninayokutania kila mara yanameza mwangwi wote. Naomba unikubalie watatu hawa walale kwako. Ukikataa sitakulaumu, nyumba ina watu tayari. Nitawaambia wasije, na sababu nitawaambia.

Maana nitawaambia kwa vyovyote, kabla wiki aliyonipa Shamimu haijaisha. Nimetaka wewe uwe wa kwanza; isingekuwa haki damu yangu iambiwe baada ya watu ambao sijawahi kula nao. Mama usimwambie, nitakuja mwenyewe nikae naye.

Jibu uniandikie, kwa ujumbe au kwa mkono wa Paulina. Na siku nitakayokuja usipaze sauti, dada. Ukipaza, uso unabadilika, nami naona umekasirika tu. Kaa karibu na dirisha, useme kama kawaida, na nisipoelewa rudia. Nitakuuliza bila aibu. Nataka nijaribu kuuliza bila aibu kwako kwanza, kabla hawajafika wao.

Nisalimie shemeji na watoto, na mama mpe salamu yangu ya mbukwa. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Gladness