Sangria Ndani ya Dumu la Maziwa

Jumamosi, jioni. Joto la Garissa leo halikuwa na huruma hata kidogo, lakini nimekaa hapa barazani natabasamu peke yangu.

Mama mkwe wangu, Hooyo kama wanawe wanavyomwita, yaani mama kwa Kisomali, amekuja kutoka Wajir kututembelea kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Kwake mimi nilikuwa bado "yule msichana wa Malindi". Nilitaka anipende. Hilo tu.

Basi jana nikaamua kuwatengenezea yeye na majirani sangria, kile kinywaji baridi cha Wahispania cha mvinyo na matunda. Yangu haina mvinyo, hasha! Nachemsha maua makavu ya rozela mpaka yatoe wekundu wake, natia sukari, machungwa, ndimu na maembe ya mashamba ya kando ya Tana, kisha nalaza kwenye friji.

Kosa langu lilikuwa chombo. Sufuria zote zilikuwa na nyama ya wageni, nikachukua dumu ambalo Hooyo alilileta na maziwa ya ngamia. Nililisugua vizuri, wallahi. Sikujua kuwa dumu lile halisahau kazi yake: maziwa yakikaa humo yanachachuka yenyewe yakawa susa, maziwa lala ya ngamia. Halafu stima ikapotea mpaka asubuhi.

Leo saa sita nimefungua kifuniko. Tsss! Povu mpaka kwenye kiwiko.

Nakiri, shetani alinipitia. Ningechuja, nikaongeza sukari na barafu, nani angejua? Wageni walikuwa njiani. Lakini kumnywesha mama wa watu kitu cha shaka, tena nyumbani kwangu, sikuweza. Nikamwita jikoni, nikamsogezea dumu.

Akanusa. Akaniangalia.

"Hii imekuwa bombe," akasema, yaani pombe. "Mwaga yote, gabar, wewe msichana."

Nikamwaga, machozi yakinilengalenga. Mara nikasikia kicheko nyuma yangu. Hooyo alikuwa ameshika kisu na chungwa.

"Maziwa tunangoja," akasema. "Matunda hawezi ngoja. Leta barafu."

Tukatengeneza upya pamoja, kwenye ndoo safi, na ikanyweka hapo hapo. Yeye peke yake alimaliza bilauri tatu.

Jirani alipouliza ni nani katengeneza kinywaji kitamu hivi, Hooyo alininyooshea kidole bila hata kugeuka.

"Huyu wetu."

Kesho mapema naenda sokoni kununua dumu jipya. La matunda peke yake.