Ushuhuda wa Kisimba mu kanisa

Mama Abigaël, kitendawili! Unakitoa mu kanisa, batu banapiga bigelegele. Kinakungojea mu bureau, kinakufunga kinywa. Ni nini?

Ni ushuhuda wa bwana yangu Kisimba, mama! Haya inanikula. Tunatoka ku inspection ya kazi sasa hivi, shiye na Kisimba na mutoto wetu Papy.

Unajua ile kampuni ya mine ilimufukuza mutoto, na inakatala kumulipa feza yake ya kufukuzwa. Leo mukubwa wa personnel wa ile mine anasema: "Hatukumufukuza. Aliacha mwenyewe, alipata kazi ku barrage ya Nzilo, kule banafunga mayi ya mutoni. Baba yake alimushukuru Mungu mu kanisa. Mi niko mu chorale, nilipiga hata mikono!"

Mu chorale, mama! Mikono!

Kisimba alisemaka vile mu kanisa juu aliogopa batu ba mutaa yetu ya Kapata bajue mutoto anakaa bila kazi. Inspecteur akamuuliza: "Tata, ile kazi ya Nzilo iko?"

Shemasi muzima, anazungusha kofia mu mikono. Papy anaangalia chini.

"Tata, iko?"

Kisimba akasimama. "Hapana. Nilidanganya kanisa. Mutoto wangu anafyagiaka kiwanja ya nyumba jua haiyatoka, juu batu basimuone anabakia ku nyumba."