Kisiki cha Chai na Kesi ya Beberu

Kwako Bibi Emerensiana, mshauri wetu wa gazetini, shikamoo. Naomba msaada kabla ya Pasaka, maana nimeumbuka. Miaka minne iliyopita mume wangu Valentini alirudi kutoka mashamba ya chai ya Mufindi na mbegu mfukoni, tukazipanda hapa milimani Kipatimu, zikaota nane na kila mche ukaja na tabia yake, ila mmoja tu ndio unaochipua majani laini mwaka mzima, naye akaupenda hata nikauonea wivu, akasema mbegu za mti huu zitazaa watoto wa kila namna lakini tawi lake likishika mizizi litakuwa mama yule yule, kisha akaenda Lindi kwenye kazi ya uashi, nami kwa furaha nikataka akirudi akute shamba zima, nikachukua panga, nikakata matawi yote, nikayachomeka juani kama mihogo, na yote yamekauka kabisa, Bibi. Mti umebaki kisiki cha magotini, nimeufunika tenga nisiuone. Mama mkwe aliponiuliza nikajikuta nasema ni beberu wake, yule tunayemwita Bwana Shauri kwa ndevu zake, na sasa maskini kafungwa kamba mwezi wa pili, na mama kaapa kumchinja Pasaka ili kumtaka radhi mwanawe. Nifanye nini?

Ndimi Romana.

Marahaba, Romana. Nimecheka, nikakasirika, nikacheka tena. Kaka yangu Gregori alifanya kazi ya chai miaka kumi. Nilipomsomea barua yako alimwaga kikombe. Anasema hujaua kitu, mwanangu, umepogoa! Chai hukatwa hivyo makusudi, na kisiki kikipata mvua huchipua kwa fujo.

Muhogo ndio wa kuchomekwa juani. Chai ni mwali, huwekwa ndani: kipande chenye jani moja na kijiti cha urefu wa kidole, udongo mwekundu usio na samadi, kivuli cha nyasi, maji kila siku. Lakini usikate tena mpaka Valentini arudi, mfanye wawili.

Kilichonikera si panga, ni ulimi. Umemsingizia asiyeweza kujibu, na mkwe wako anataka kulipa kosa lako kwa mali yake. Njia ya mwongo ni fupi, nawe umeshafika mwisho wake. Leo hii piga magoti useme yote. Atakusema sana; nyamaza umsikilize. Aliyekuwa tayari kumtoa beberu wake kwa furaha ya mwanawe hatashindwa kukusamehe.

Kisha mshike mkono mwende pamoja, mfunue tenga. Mkiona machipukizi pigeni vigelegele, halafu mkamfungue Bwana Shauri. Ila mfungulieni mbali, maana sasa kisiki kina majani.